Mwanablogu na kura ya Moshi

Hapa Moshi, kampeni zinapokaribia, husikika tena dai kwamba wanablogu wa siasa ndio wanaomweka mgombea madarakani na kuwahamisha wapiga kura kutoka upande mmoja hadi mwingine. Dai hilo si sahihi. Philemon Ndesamburo wa CHADEMA alichaguliwa kuwa mbunge wa Moshi Mjini mwaka 2000, kabla blogu za Kiswahili hazijaenea, kisha akarudishwa mwaka 2005 na 2010. Hata Marekani, Howard Dean, aliyetaka kuteuliwa na chama cha Democratic kuwa mgombea urais na kushangiliwa na wanablogu wengi kuliko wapinzani wake, alishika nafasi ya tatu tu katika kura ya mchujo ya jimbo la Iowa mwaka 2004.

Msomaji wa blogu ya siasa, kwa kawaida, ameshaamua. Huifuata ili apate hoja za kumtetea mtu wake, nami naona hilo si jambo dogo. Nguvu halisi ya mwanablogu hupitia kwa waandishi wa habari na viongozi wa vyama: mwaka 2002 wanablogu wa Marekani walishikilia kauli ya Seneta Trent Lott ya kusifu kampeni ya zamani ya ubaguzi wa rangi, ambayo magazeti mengi yalikuwa yameipita, mpaka ikawa habari kubwa naye akajiuzulu uongozi wa chama chake katika Seneti.