Uzamili wa haki za binadamu haukupi uwakili
Mtwara na Lindi wapo wanaoamini kwamba ukimaliza uzamili wa sheria za haki za binadamu, kesho yake unasimama Mahakama Kuu kumtetea mkulima wa korosho aliyeporwa shamba. Sivyo. Wakili hupitia shahada ya kwanza ya sheria, kisha mafunzo ya vitendo Shule ya Sheria, Dar es Salaam, ndipo aapishwe na Jaji Mkuu. Uzamili hauruki ngazi hata moja hapo.

Faida yake iko kwingine. Utajua, mathalani, kwamba tangu Novemba 2020 Mtanzania hafungui tena shauri jipya mwenyewe Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, kwa kuwa serikali iliondoa tamko lake la kifungu cha 34(6) cha Itifaki iliyoanzisha mahakama hiyo, tamko lililoruhusu mtu binafsi kuishtaki nchi yake huko. Anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Banjul, yaani Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu yenye makao Gambia, ila kwanza amalize ngazi zote za mahakama za nyumbani. Wengi hukwama hapo.