Kabla ya kumpeleka kijana mjengoni, uliza kuhusu pembe

Wazazi wa hapa Nakuru huniuliza mara kwa mara nitawatoza pesa ngapi niwafunze vijana wao uashi. Ada tutaelewana. Cha kumuuliza fundi yeyote kwanza ni hiki: mwanangu atashika pembe, yaani kona ya ukuta, lini?

Kijana huanza akiwa mtu wa mkono. Anabeba mawe ya Ndundori, anakoroga mota, anapeleka karai. Analipwa kwa siku, na macho yake yanajifunza: mota ikizidi maji hutiririka jiweni, ikikauka haishiki. Ila wapo walioifanya kazi hiyo miaka na mikaka na hawajui kutumia timazi, kile kifaa cha kupimia wima wa ukuta. Akipewa mwiko, huwekwa katikati ya ukuta, uzi ukiwa umeshavutwa. Hapo anafuata tu.

Pembe ni kazi nyingine. Hutangulizwa, kozi (safu za mawe) chache kila upande, ndipo uzi ufungwe kutoka pembe hadi pembe. Ikipinda, ukuta wote umepinda nayo. Kijana apime futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na mshazari usome 5 kamili. Hapo iko skwea. Kisha kila kozi timazi kwa wima, pima maji kwa usawa. Mafundi wengi huing'ang'ania pembe. Baadhi wanaogopa hasara ya mawe, na wengine, tusifichane, wanamwogopa mshindani wa kesho.

Uanagenzi unaotambuliwa na Sheria ya Mafunzo ya Viwanda huwa na mkataba wa maandishi, nao husajiliwa. Mijengo yetu midogo huenda kwa mdomo tu. Basi andikeni hata karatasi moja: atalipwa nini, nani atanunua mwiko na futi ya kupimia, ataanza pembe baada ya kazi gani.

Cheti kipo hata kwa asiyepitia chuo. NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, husimamia mtihani wa ufundi wa serikali, kuanzia Gredi ya Tatu, kisha ya Pili, hadi ya Kwanza, na sehemu yake kubwa ni vitendo. Kituo cha NITA kipo Kisumu, na vyuo vya ufundi vilivyoidhinishwa pia huandaa watahiniwa. Mimi humwambia kijana asijisajili mpaka ajenge pembe peke yake, nami nikiwa upande wa pili wa ploti.