Jaime Lannister hakuharibiwa mwishoni

Jamani, naombeni tulimalize hili la Jaime Lannister, mhusika wa tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones. Kila tukikaa kupitia skripti lazima atokee kijana, tena mara nyingi yule mwenye kipaji, aonye kwamba tusimfanyie mhusika wetu "walichomfanyia Jaime". Ukimuuliza alifanyiwa nini, jibu halibadiliki: alikuwa mbaya, akawa mwema, waandishi wakachoka, wakamrudisha kwa Cersei, dada yake pacha na mpenzi wake, afe naye chini ya kifusi. Game of Thrones iliisha Mei 2019. Watu zaidi ya milioni moja walitia saini kutaka msimu wa 8 uandikwe upya, na mpaka leo nakutana na wafuasi wao kazini.

La msingi nitalipitia haraka. Tendo si nia. Mhusika anaweza kutenda mema misimu mitatu mfululizo na nia yake isisogee hata kidogo. Safari yake haipimwi kwa hesabu ya watu aliowaokoa. Inapimwa pale anapobanwa achague kati ya viwili anavyovipenda, huku akijua kimoja lazima akipoteze. Basi.

Sasa twende kwenye bafu la ngome ya Harrenhal, maana hapo ndipo mnapokimbilia wote. Msimu wa 3, sehemu ya 5. Jaime ameshakatwa mkono wa kulia, anaingia kwenye maji alimo Brienne, mpiganaji wa kike aliyekuwa akimsindikiza, bila kukaribishwa, anamchokoza kuhusu kifo cha Renly, bwana aliyemtumikia, mpaka mwanamke anasimama kwa hasira. Hapo ndipo anapolegea na kusimulia: Mfalme Aerys, ambaye Jaime alikuwa mlinzi wake, alificha moto wa kijani, kimiminika kinacholipuka, chini ya mji mzima, akaamuru watu wote wachomwe, Jaime akamuua mchanganya-moto wake, kisha akamchoma upanga mfalme mwenyewe mgongoni. Mwisho anazimia mikononi mwa Brienne, ambaye anaita msaada kwa ajili ya "Muua Mfalme", jina la dharau alilobandikwa Jaime, naye kwa sauti inayokatika anasema jina lake ni Jaime.

Onyesho zuri mno. Nalitumia kufundishia. Lakini sikilizeni analolalamikia. Analalamikia jina lake! Anataka jambo la zamani lieleweke vizuri, anataka Ned Stark, bwana aliyemkuta baada ya kumuua mfalme, aonekane alihukumu bila kuuliza. Hakuna mahali anaposema anataka kuwa mtu mwingine, na Cersei hajaguswa kabisa katika maungamo yale. Mtazamaji anaona mtu anajieleza, machozi yanamlenga, anaamua mwenyewe kwamba huyu ametubu. Kujieleza na kutubu ni vitu viwili, na waigizaji wazuri kama Nikolaj Coster-Waldau wanatuchanganya kwa sababu uso wao unatosha kubeba vyote viwili.

Misimu mitatu baadaye, msimu wa 6, sehemu ya 8, yuko hemani nje ya ngome ya Riverrun na Edmure Tully, bwana wa ngome hiyo, aliyefungwa. Anaongea kwa upole kabisa, anamsifu hata Catelyn, dada wa Edmure, kwa jinsi alivyowapenda wanawe, halafu anamwambia Edmure kwamba mwanawe mchanga atarushwa ndani ya ngome kwa mtambo wa mawe ikibidi, ili yeye Jaime arudi kwa Cersei. Mnasema alikuwa anatisha tu. Labda. Ila sababu aliyoitaja ni ile ile iliyomfanya amsukume dirishani mtoto Bran, aliyemkuta na Cersei, katika sehemu ya kwanza kabisa, mwaka 2011. Na usiku ule wa msimu wa 8 kwenye ngome ya Winterfell, anapomwacha Brienne akilia uani, anayataja tena yote mawili. Mtu amekupa nia yake mara tatu, wewe unasema waandishi wamekuzunguka?

Kuna kinachoniudhi zaidi. Nusu ya wanaomlilia Jaime wanamlilia wa kitabuni. Katika A Feast for Crows ya George R. R. Martin, iliyotoka mwaka 2005, Cersei anamwandikia barua akimsihi aje amwokoe, naye anaamuru barua itiwe motoni. Kwenye televisheni barua hiyo haipo. Jaime wa televisheni yuko nchi ya Dorne na askari Bronn wakimtafuta Myrcella, binti wa Cersei. Mnamvalisha mmoja kanzu ya mwingine, halafu mnalalamika haimkai. Tena hata yule wa kitabuni msimshangilie mapema: kabla ya barua ile, Tyrion, mdogo wake, alishamwambia ni wanaume gani Cersei amelala nao, na maneno hayo yanamtafuna kurasa nyingi. Barua iliunguzwa na dhamiri au na wivu? Mimi sina jibu, na sidhani Martin anataka tulipate kirahisi.

Sasa, sisemi waandishi wa televisheni hawana lawama. Wanayo, ila siyo mnayowapa. Mwisho wa msimu wa 6 Cersei anailipua Sept ya Baelor, hekalu kuu la mji, kwa moto wa kijani, ule ule ambao Jaime alimuua mfalme ili usiwashwe. Jaime anarudi, anaona moshi, anaona dada yake kwenye kiti cha enzi, na msimu wa 7 unaendelea kana kwamba hilo ni habari ya kawaida. Hapo ndipo palipokuwa na uchaguzi wa kweli, na hatukuandikiwa onyesho lake. Angemkabili kisha akabaki naye, leo msingekuwa na hoja. Kumfanya amwache Cersei baadaye kwa sababu ya jeshi ambalo Cersei hakulipeleka kaskazini kupigana na wafu ni sababu ndogo mno.

Halafu kuna ile sentensi ya "The Bells", sehemu ya 5 ya msimu wa 8. Tyrion anamwomba awafikirie raia wasio na hatia, Jaime anajibu kwamba hajawahi kuwajali sana. Hiyo inagongana na bafu uso kwa uso. Nimesikia utetezi kwamba anajidanganya ili apate nguvu ya kwenda kufa, na kuna siku naukubali. Siku nyingine naona ni haraka tu ya msimu wenye sehemu 6, na sisi wahariri tuna tabia ya kuona mshono hata palipo na tundu. Ningekabidhiwa skripti ile ningeuacha mwisho ulivyo, nikaikata sentensi hiyo. Tatizo ni kwamba ukiikata Tyrion anabaki hajajibiwa, na onyesho haliwezi kwenda bila jibu. Nimejaribu kumwandikia Jaime lingine. Yote yanatoka ama ya mtakatifu, ama ya mpumbavu.