Si lazima uwe na mtumbwi ili ugombee BMU

Kando ya Ziwa Victoria wengi huamini kwamba kamati ya BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni (mahali mitumbwi inapofikia na kushusha samaki), ni ya matajiri wenye mitumbwi. Sivyo. Miongozo ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania iliwatengea asilimia 30 tu ya nafasi. Mabaharia wanaovua kwa ujira walitengewa asilimia 30 nyingine, wachuuzi wa samaki 10, na zilizobaki zikawa za wadau kama mafundi wa mitumbwi na washona nyavu. Wanawake nao walitengewa viti. Kinachotakiwa kwanza ni kusajiliwa kuwa mwanachama. Ajabu ni kwamba baharia, anayeijua nyavu haramu kwa kuishika tu, ndiye husita kuchukua fomu, hasa tajiri wake akigombea.