Je, wajua kwa nini fundi hupima nafasi nyembamba kuliko unywele kabla ya kufunga injini?

Injini ikinoki, mwenye gari hutoa pesa kwa vitu anavyoviona: pistoni, ringi, gasketi, beringi mpya ndani ya boksi. Fundi akiomba siku moja zaidi "ya kupima", anaambiwa anachelewesha kazi. Mimi namtetea huyo fundi. Ukitoka Dodoma na mzigo kwenda Iringa, ukavuka Mtera na kuanza kuupanda Nyang'oro, oili ikiwa imechemka na mguu umekandamiza mafuta, hapo ndipo siku ile ya kupima inapojulikana ilifanya nini.

Beringi za krenkshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, hazina gololi kama za magurudumu. Ni vipande viwili vya bati vilivyopinda kama mwanzi uliopasuliwa katikati, ndani vimepakwa madini laini, navyo huikumbatia shingo ya krenkshafti, sehemu yake ya mviringo iliyosuguliwa laini. Kati ya beringi na shingo huachwa nafasi. Kwenye injini nyingi za magari madogo nafasi hiyo ni milimita 0.02 hadi 0.06, wakati unywele wa kichwani una unene wa kama milimita 0.07. Mafundi wa zamani hukadiria sehemu moja ya elfu ya kipenyo: shingo ya milimita 50, nafasi 0.05. Lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha injini yenyewe.

Kwa nini iachwe nafasi hata kidogo? Kwa sababu injini ikiunguruma, shingo haitakiwi kuigusa beringi kabisa. Inaelea. Ikizunguka, huikokota oili na kuisukumia upande uliobana, na oili ile ikikosa pa kwenda huinyanyua krenkshafti nzima. Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1883 Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili, na mashine ilipozunguka oili ikapanda na kutokea humo humo. Akaziba kwa kizibo, kisha kwa kipande cha mbao. Vyote vikasukumwa nje. Mwaka 1886 mhandisi Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu nguvu ile inatoka wapi. Kwa hiyo pampu ya oili kazi yake ni kuleta oili tu. Kunyanyua kunafanywa na mzunguko wenyewe, mradi nafasi iwe sawa.

Nafasi ikizidi, oili hutorokea pembeni, tena kwa kasi ya kutisha: ukiiongeza mara mbili, oili inayopita huongezeka kama mara nane. Presha inashuka, taa ya oili inawaka gari likiwa saileni, yaani likiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti, inaanza kugonga. Nafasi ikipungua, oili haipiti ya kutosha, joto linapanda, na beringi hukamata shingo na kuzunguka nayo.

Kwa mkono huwezi kuihisi tofauti ya 0.03 na 0.08. Nimeona konrodi ikitikiswa, fundi akasema "iko poa", na injini ikarudi gereji kabla ya mwezi kwisha. Njia rahisi ni Plastigauge, uzi mwembamba wa plastiki laini kama nta. Futa oili yote, maana oili huuyeyusha. Laza kipande chake juu ya shingo, kwa kufuata urefu wa krenkshafti, funga kofia inayoshikilia beringi kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, mpaka kipimo cha kiwandani, na usiizungushe krenkshafti hata kidogo. Fungua. Uzi umekuwa utepe. Linganisha upana wake na mistari iliyochapwa kwenye karatasi yake. Utepe mpana maana yake nafasi ndogo. Wa kijani husoma kuanzia 0.025 hadi 0.076, na ndio unaofaa magari mengi. Mwenye maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo sana, aitumie, apime shingo pande mbili zinazokingamana, kwa sababu shingo iliyolika huwa na umbo la yai.

Sasa jambo la kwetu hapa. Gereji zetu nyingi ziko wazi, na krenkshafti iliyotoka kuchongwa huegeshwa juani. Chuma hutanuka. Shingo ya milimita 50 iliyopata joto nyuzi 25 kuliko bloku, yaani mwili wa injini, iliyo kivulini huongezeka kama milimita 0.014. Ukiipima hivyo, zaidi ya robo ya nafasi yako imeliwa na jua, na utarudisha beringi nzuri dukani bure. Viache vyote kivulini pamoja usiku kucha, upime asubuhi.

Na kipimo kikikataa, tafadhali usiweke karatasi nyuma ya beringi. Karatasi huzuia joto kutoka na inaweza kuziba tundu la oili. Krenkshafti ikachongwe, zinunuliwe beringi nene zaidi za shingo iliyopunguzwa milimita 0.25 au 0.50, kulingana na ilivyochongwa, na namba ya mgongoni mwa kila beringi isomwe, maana boksi linaweza kusema hivi na beringi vile.

Mgongo huo uwe mkavu na msafi. Vumbi la Agosti la Dodoma huingia hata kwenye boksi lililofunikwa, na chembe moja ikibaki nyuma ya beringi huisukuma kwa ndani na kuikaba nafasi pale pale ilipo. Pitisha kitambaa safi, pitisha kidole, kisha funga.