Majivu ya wanawake: kwa nini mshindi wa mechi nne alikosa kombe

Julai 2023 mpwa wangu alinijia na karatasi mkononi. Alikuwa ameanza kucheza kriketi shuleni, na tangu Juni alikuwa akifuatilia ziara ya timu ya wanawake ya Australia nchini Uingereza, ya kugombea kombe liitwalo Majivu, akiandika kila mechi na mshindi wake. Mechi saba. Uingereza nne, Australia tatu. "Mjomba, sasa mbona kombe limebaki na Australia?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nimeulizwa swali kama lake na watu wazima pia, tena watu wanaoijua kriketi, na nadhani linastahili jibu refu.

Tuanze na neno ziara. Sisi wa Nairobi tumelelewa na soka: dakika tisini, nyumbani na ugenini, basi. Katika kriketi timu ya taifa hufunga safari, ikakaa ugenini wiki kadhaa na kukutana na mpinzani yuleyule tena na tena, katika miji tofauti. Mechi moja haikupi jawabu. Jawabu ni ziara nzima.

Kwa wanawake desturi hii ilianza mwishoni mwa 1934, wachezaji wa Uingereza walipofika Australia kwa meli, nauli wamejilipia wenyewe, wakiongozwa na nahodha Betty Archdale. Mechi ya kwanza kati ya mataifa haya mawili ilikuwa Brisbane, Desemba. Myrtle Maclagan wa Uingereza aliangusha wiketi saba, yaani aliwatoa wapigaji saba, kwa mikimbio 10 tu (mikimbio ndiyo alama za kriketi), na Australia wote wakatolewa kwa 47. Uingereza wakaondoka na ushindi katika ziara hiyo, na uhasama wa kimichezo kati ya mataifa haya mawili haujapoa mpaka leo.

Jina Majivu limetoka kwa wanaume. Mwaka 1882 Uingereza walifungwa na Australia pale The Oval, London, na gazeti moja likachapisha tanzia ya kejeli: kriketi ya Uingereza imekufa, mwili utachomwa, majivu yatapelekwa Australia. Wanawake walipata majivu yao mwaka 1998, gongo dogo lenye saini za wachezaji wa timu zote mbili lilipochomwa kwenye uwanja wa Lord's, London, na majivu yake kutiwa ndani ya mpira wa mbao. Hilo ndilo kombe lao.

Sasa pointi, maana ndipo mpwa wangu alipokwama.

Kriketi ya kimataifa ina aina tatu. T20 ni ova 20 kwa kila timu, na kila ova ni mpira kurushwa mara sita. Inaisha kwa muda wa saa tatu hivi. Mechi ya siku moja ni ova 50 kwa kila timu. Testi ni siku nne kwa kawaida kwa wanawake, na kila timu hupiga mara mbili. Mchezaji hodari wa T20 anaweza kupotea kabisa katika Testi, kwa sababu T20 hudai nguvu na haraka, ilhali Testi hudai subira. Mrushaji anarusha asubuhi, anarusha mchana, miguu imechoka, na mpigaji bado amesimama pale pale akimtazama.

Kwa miaka mingi Majivu ya wanawake yaliamuliwa kwa Testi peke yake. Lakini Testi za wanawake zilikuwa zimepungua sana, na kuikabidhi mechi moja uamuzi wote ni kubahatisha. Mwaka 2013 ndipo aina zote tatu ziliunganishwa katika hesabu moja: Testi moja, mechi tatu za siku moja, T20 tatu. Ushindi katika mechi fupi, pointi 2. Ushindi katika Testi, wakati huo, pointi 6.

Sita zilikuwa nyingi mno, na hilo lilionekana mara moja. Katika ziara iliyofuata, Januari 2014 nchini Australia, Uingereza walishinda Testi pale Perth kwa mikimbio 61. Australia wakashinda mechi nne kati ya sita zilizobaki. Jumla: Uingereza 10, Australia 8. Aliyeshinda mechi tatu akamshinda aliyeshinda nne. Kuanzia 2015 Testi ikashushwa hadi pointi 4, na kila timu hupata 2 ikiwa sare. Mechi zikiwa saba, pointi zote ni 16.

Rudi sasa kwenye karatasi ya mpwa wangu. Testi ya 2023 ilichezwa uwanja wa Trent Bridge, na safari hii ilipewa siku tano. Hapa kwetu ilikuwa ikianza saa saba mchana. Tammy Beaumont wa Uingereza alipiga mikimbio 208. Uingereza walipopiga mara ya pili, Ashleigh Gardner wa Australia akawabomoa kwa wiketi nane, na timu yake ikashinda kwa mikimbio 89. Pointi 4. Australia wakaongeza T20 ya kwanza, ikawa 6 kwa 0. Wengi wangezima redio hapo. Uingereza walishinda T20 mbili zilizofuata na mechi ya kwanza ya siku moja, 6 kwa 6. Kisha Southampton, Nat Sciver-Brunt akabaki na 111 bila kutolewa, na bado timu yake ikapungukiwa mikimbio mitatu. Australia 8. Uingereza wakashinda ya mwisho pale Taunton, ikawa 8 kwa 8.

Basi ikiwa sare, nani analichukua? Hakuna anayelichukua: anayelishikilia hubaki nalo. Ni kama ndondi. Bingwa akitoka sare na mpinzani, mkanda haumtoki kiunoni. Anayeutaka lazima amshinde. Australia walikuwa na kombe tayari, kwa hiyo walihitaji pointi 8 tu, na walizipata Southampton. Uingereza walihitaji 9 au zaidi. Mpwa wangu alichora safu mpya kwenye karatasi, akajumlisha upya, akanyamaza kidogo, kisha akasema si haki. Mimi naona ni haki, ingawa iliniuma kwa ajili ya Sciver-Brunt.

Kasoro ya mfumo naiona kwingine. Mapema 2025 nchini Australia Testi iliwekwa mwisho, pale Melbourne. Ilipofika, Australia walikuwa na pointi 12 kwa 0, kombe limeshaamuliwa. Walishinda hiyo pia, 16 kwa 0. Mechi yenye pointi nyingi kuliko zote ilichezwa bila kuamua chochote. Mimi ningeiweka mwanzo au katikati, ili ibaki na uzito wake.

Kwetu, mechi za kimataifa za wanawake ni T20. Tangu Julai 2018 mechi zote za T20 za wanawake kati ya nchi wanachama wa baraza la kimataifa la kriketi zinahesabiwa rasmi, na hilo lilizifungulia mlango timu kama Kenya na Uganda. Lakini tuna uwanja wa Gymkhana hapa Nairobi, ambako wanaume wetu waliwachapa Sri Lanka Februari 2003, na tuna jirani ambaye kumfunga ni tamu kuliko kumfunga mwingine yeyote. Sioni kwa nini dhana hii isije huku kwa kipimo chetu.

Mpwa wangu ameshaandika ratiba. T20 nne, mbili Nairobi na mbili Entebbe, pointi 2 kila moja. Mechi moja ya ova 50 yenye pointi 4, ya pili katika ratiba ili isipoteze maana. Jumla pointi 12, na ikiwa sita kwa sita kombe libaki kwa mwenyewe. Usafiri ameandika basi la usiku la Kampala.