Kujaza Mwenyewe au Kujaziwa: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Vituo vya Mafuta

Katika vituo vya mafuta vya Mtwara na Lindi, kuanzia vile vya mjini hadi kile cha mwisho kabla ya barabara ya vumbi ya wilayani, ni nadra sana kumkuta dereva akishika nozeli mwenyewe. Mhudumu humjia, humuuliza aina ya mafuta na kiasi anachotaka, huirudisha pampu kwenye sifuri, hujaza, hupokea fedha na kutoa risiti. Kila bei inapopanda, au kila ndugu aliyeishi Ulaya anaporudi na kusimulia kwamba huko kila mtu hujijazia, mjadala huibuka vijiweni na kwenye makundi ya simu: kwa nini na sisi tusijihudumie? Swali ni la haki kabisa, lakini hoja nyingi zinazotolewa, za kuunga mkono na za kupinga, zimejengwa juu ya mambo ambayo hayategemei kabisa ni nani aliyeshika nozeli.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba wahudumu wakiondolewa mafuta yatashuka bei. Nchini Tanzania bei kikomo, yaani bei za juu kabisa zinazoruhusiwa, za petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hutangazwa kwa kila mji. Ndani ya bei hiyo kuna gharama ya mafuta kwenye soko la dunia, usafiri wa meli na bima, thamani ya shilingi dhidi ya dola, tozo za bandari, kodi na ushuru wa Serikali, faida ya muagizaji na ya muuzaji wa rejareja, pamoja na gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini hadi kituoni. Gharama hii ya mwisho ndiyo inayofanya lita moja iwe na bei tofauti mjini Mtwara, ambako meli hushusha mafuta, na Liwale, ambako lori linapaswa kusafiri mbali. Mshahara wa mhudumu umo ndani ya fungu la muuzaji wa rejareja, tena ni sehemu tu ya fungu hilo, kwa sababu muuzaji hulipia pia umeme, ulinzi, leseni, matengenezo na mkopo wa kununulia shehena. Mwenye kituo anaruhusiwa kuuza chini ya bei kikomo, na akipunguza wafanyakazi anaweza kuteremsha kidogo akitaka, hakuna kinachomlazimisha.

Mfano mzuri wa jambo hili uko Marekani. Jimbo la New Jersey limepiga marufuku madereva kujijazia petroli tangu mwaka 1949, na kwa miaka mingi petroli ya huko iliuzwa kwa bei ya chini kuliko ya majimbo jirani ambako watu hujijazia wenyewe. Sababu ilikuwa kodi ndogo ya jimbo. Mwezi Novemba 2016 kodi hiyo ilipoongezwa kwa senti 23 kwa galoni, unafuu huo uliyeyuka kwa sehemu kubwa, ingawa wahudumu walikuwa walewale na pampu zilikuwa zilezile. Jimbo la Oregon nalo liliruhusu kujihudumia katika jimbo zima mwaka 2023, lakini sheria yake ilikitaka kituo kinachotoa huduma zote mbili kitoze bei ileile kwa anayejaziwa na anayejijazia. Ni kweli kwamba katika majimbo mengine kituo kimoja huweza kuwa na pampu ya kujihudumia yenye bei nafuu na pampu ya kuhudumiwa yenye bei ya juu. Tofauti hiyo ipo na haifai kufichwa. Hutokea pale ambapo muuzaji yuko huru kupanga bei na anashindana na jirani yake aliye ng'ambo ya barabara, hali ambayo katika wilaya zetu nyingi zenye kituo kimoja au viwili haipo.

Dhana ya pili huwagusa watu zaidi, nayo ni ile isemayo kwamba mhudumu ndiye anayepunja, hivyo dereva akijaza mwenyewe wizi utakwisha. Hapa panahitaji kutenganishwa mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Jambo la kwanza ni udanganyifu wa mkono: kuanza kujaza kabla namba za mauzo ya mteja aliyetangulia hazijafutwa, kumshughulisha dereva kwa maneno huku pampu ikisimamishwa kabla ya kiasi alicholipia, au kumpa risiti isiyo yake. Udanganyifu wa aina hii ungepungua kweli kama dereva angejaza mwenyewe, lakini hupungua vilevile dereva anaposhuka garini, akaiangalia sifuri, akaangalia lita na shilingi zinapoishia, kisha akadai risiti ya mashine ya kielektroniki iliyounganishwa na pampu. Kudai risiti ni wajibu wa kisheria wa mnunuzi kama ilivyo kwa muuzaji kuitoa, na risiti hiyo huonyesha lita zilizopimwa.

Jambo la pili ni kipimo chenyewe. Ndani ya pampu kuna mita inayopima ujazo wa kimiminika kinachopita. Mita hiyo ikiwa imechakaa au imechezewa, itampunja dereva mwenye shahada ya uhandisi kama inavyompunja mwendesha bodaboda aliyeingia mjini leo, wala haijui ni mkono wa nani ulioshika nozeli. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo huhakiki pampu kwa kumimina mafuta katika chombo chenye ujazo uliothibitishwa, kisha pampu iliyopita hufungwa kwa lakiri na kubandikwa stika. Lakiri iliyokatwa ni taarifa kubwa kuliko uso wa mhudumu. Kwa maoni yangu, nguvu nyingi tunayoitumia kumshuku kijana wa pampu ingefaa ielekezwe kwenye stika hiyo, ambayo wateja wengi hatujawahi hata kuitafuta kwa macho.

Wapo wanaoamini pia kwamba anayejijazia hupata mafuta mengi kwa kubonyeza nozeli nusu ili yatoke polepole, au kwa kwenda alfajiri mafuta yakiwa yamepoa. Kwa pampu iliyohakikiwa, mita hupima kilichopita, kiwe kimepita kwa kasi au kwa upole. Kuhusu baridi, petroli hutanuka kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, lakini matangi ya kituo yamefukiwa ardhini, ambako joto hubadilika kidogo sana kati ya asubuhi na mchana. Faida ya kuamka mapema ni kuukwepa msururu, basi.

Usalama ndio uwanja ambao pande zote mbili hukosea. Wanaotetea wahudumu husema kwamba raia wa kawaida akiachiwa nozeli vituo vitawaka moto. Wanaowapinga husema kwamba hatari ni simu tu, na simu ikizimwa mambo yamekwisha. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini, kuzunguka miguu na magurudumu. Dizeli ni tofauti, kwa kuwa inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujaweza kushika moto. Kinachotafutwa na mvuke wa petroli ni cheche, na cheche zinazojulikana kwa ushahidi ni za injini iliyoachwa ikiunguruma, sigara, na umemetuamo, yaani umeme unaojikusanya vitu vinaposuguana. Nchini Marekani taasisi ya wenye vifaa vya mafuta, Petroleum Equipment Institute, ilikusanya taarifa za matukio zaidi ya 150 ya moto uliohusishwa na umemetuamo wakati wa kujaza. Katika mengi kati yake dereva alikuwa ameanza kujaza, akarudi kukaa garini, nguo zake zikasuguana na kiti, kisha akashuka na kugusa nozeli moja kwa moja. Moto uliothibitishwa kuwa umewashwa na mawimbi ya simu haujapatikana. Katazo la simu bado lina maana, kwa kuwa anayezungumza na simu haangalii anachofanya, ingawa inachekesha kumwona mteja akilipa kwa simu hatua mbili kutoka kwenye bango linalokataza simu.

Umemetuamo hupenda hewa kavu. Pwani ya Mikindani na Kilwa ina unyevu mwingi, jambo linalopunguza hatari hiyo. Juu Newala, au bara kule Masasi, wakati wa kiangazi hali si ileile. Mhudumu anayesimama chini muda wote hana nafasi ya kujisugua kwenye kiti, na hapo anampita dereva. Hata hivyo, mamilioni ya watu duniani hujijazia kila siku bila tukio lolote, kwa sababu kanuni zenyewe ni chache: zima injini, usiingie na kutoka garini wakati wa kujaza, gusa chuma cha gari kabla ya kugusa nozeli. Moto ukizuka, nozeli huachwa ndani ya tangi, watu husogea mbali, na kituo huzima umeme wa pampu. Kuichomoa nozeli kwa hofu ndiko kunakomwaga petroli inayowaka.

Inafaa kukumbuka kwamba hata sheria zilizoandikwa kwa jina la usalama zina historia ndefu kuliko jina hilo. Kisa kinachosimuliwa sana kuhusu New Jersey ni cha Irving Reingold, aliyefungua kituo kikubwa cha kujihudumia na kuuza galoni kwa senti 18.9 wakati wenzake waliuza kwa senti 21.9, washindani wake wakalalamika kwa wabunge wa jimbo, na muda si mrefu marufuku ikapitishwa. Afrika Kusini imeyazuia mafuta ya kujihudumia kwa sababu inayotajwa waziwazi, yaani ajira za wahudumu. Brazil ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2000. Kwa hiyo dhana kwamba kuhudumiwa ni alama ya kuchelewa kimaendeleo haina msingi. Japani, ambayo hakuna atakayeiita nyuma, iliruhusu kujihudumia mwaka 1998 tu, zaidi ya nusu karne baada ya Frank Urich kufungua kituo chake cha kujihudumia mjini Los Angeles mwaka 1947.

Kuna pia wanaodhani kwamba kazi ya mhudumu ni kuning'iniza nozeli, kazi ambayo mtu yeyote angeifanya. Katika mikoa hii dhana hiyo huanguka haraka. Kwanza kuna kosa la aina ya mafuta. Katika nchi nyingi nozeli ya dizeli ni nene kuliko mdomo wa tangi la gari la petroli, hivyo dizeli haiingii kwa urahisi kwenye gari hilo. Petroli, kinyume chake, huingia bila kizuizi kwenye tangi la gari la dizeli. Pampu ya shinikizo ya injini ya kisasa ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na petroli huiondolea ulainisho huo. Kosa hilo likitokea, gari lisiwashwe kabisa, bali lisukumwe pembeni na tangi limwagwe. Mhudumu makini anayerudia kuuliza "petroli au dizeli?" hukinga gharama ambayo mwenye gari la kuazima huenda asiijue hadi injini inapozimika njiani.

Pili kuna madumu. Wavuvi wa Shangani na Kilwa Masoko hununua petroli ya injini za boti kwa madumu. Dumu la plastiki likijazwa likiwa juu ya pikipiki, au juu ya bodi ya gari yenye zulia la mpira, haliwezi kutoa umemetuamo wake kwenda ardhini. Linapaswa kushushwa chini, nozeli iguse mdomo wake, na mafuta yaingie polepole bila kujazwa hadi ukingoni, kwa maana petroli itatanuka juani. Bodaboda nazo zina kanuni yao: abiria na dereva washuke, kwa sababu tangi liko katikati ya mapaja na juu ya injini ya moto. Haya yote mtu anaweza kufundishwa, lakini leo anayeyasimamia, pale yanaposimamiwa, ni mhudumu. Mzee asiyeweza kushuka garini na mtu mwenye ulemavu nao wanamhitaji, na katika nchi za kujihudumia suala lao limelazimika kutungiwa taratibu za pekee.

Dhana ya mwisho ni kwamba kujihudumia ni suala la kununua pampu mpya tu. Kujihudumia kulienea Marekani baada ya mwaka 1964, pale karani aliyekaa dukani alipoweza kuiwasha pampu akiwa mbali na kupokea malipo kaunta, kisha kukaja malipo kwa kadi kwenye pampu yenyewe. Msingi wake ni malipo yanayothibitishwa kabla mafuta hayajatoka, au imani kwamba atakayejaza hataondoka bila kulipa. Kituo cha Tandahimba au Ruangwa kingehitaji mtandao usiokatika, umeme wa uhakika, pampu inayojifunga hadi malipo ya simu yathibitike, na njia ya kurudisha salio pale tangi linapojaa kabla ya fedha kuisha. Msimu wa korosho, wakati Fuso na bodaboda zinapopangana hadi barabarani, mtandao ukisita kwa dakika kumi tu ni lazima awepo mtu wa kuifungua pampu kwa mkono, na mtu huyo atakuwa analipwa mshahara.